Kufuli kwenye Mlango wa Kambo Chishimba

Mwezi wa sita baridi ya Lubumbashi haina adabu. Inapita chini ya mlango bila kubisha, inaingia kwenye soksi, inakufuata mpaka kitandani. Mimi na baridi hatujapatana tangu nilipozaliwa, na mwaka jana, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, nilipata sababu ya kuiogopa zaidi.

Kila siku baada ya masomo sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nyumbani mlango ulikuwa umefungwa mpaka jioni, kwa sababu Baba hufanya biashara yake ndogo Mokambo na huja mwisho wa mwezi tu, na Mama alikuwa kazini. Kwa hiyo nilikata mitaa ya Kamalondo, nikawapita mafundi cherehani kwenye vibaraza vyao, nikaingia Nyumba ya Wazee Mapendo. Hapo ndipo Mama alipofanya kazi.

Mama yangu anaitwa Wivine, na ni mlezi wa wazee. Anawaogesha, anawapa dawa kwa saa zake, anawalisha bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo wale ambao mikono yao inatetemeka, na anawageuza wasioweza kujigeuza ili wasipate vidonda. Wazee walikuwa wanane. Walezi walikuwa wawili, Mama na Tantine Michelle.

Karibu na mlango wa jikoni palibandikwa karatasi kubwa yenye haki za wazee. Niliiandika mimi, kwa sababu Mama Kapinga, mkuu wa nyumba hiyo, aliupenda mwandiko wangu. Iliandikwa kwamba mzee ataulizwa kabla ya kufanyiwa jambo, kwamba hatapigiwa kelele, na kwamba hatafungiwa mlango. Herufi kubwa nilizipamba kwa mikia ya wino wa buluu. Kusema kweli, nilijivunia ile mikia kuliko maneno yenyewe.

Kati ya wazee wote nilimpenda Kambo Chishimba. Kwetu babu tunamwita kambo, hata kama si wa ukoo wetu. Huyu alifanya kazi ya reli miaka mingi kule Sakania, karibu na mpaka. Alinifundisha kucheza dama kwa vifuniko vya chupa, na alikuwa mwizi mkubwa wa vifuniko. Ukigeuka kupiga chafya, viwili vimeshaingia mfukoni mwake. Ukimshika, anacheka mpaka anakohoa.

Lakini Kambo alikuwa na jambo lake. Ilipokaribia saa kumi alasiri, treni ipite isipite, alivaa koti lake jeusi, akachukua fimbo, akaelekea getini. Ukimzuia alikasirika. Usipomwona, alishafika mbali. Mwezi wa tano tulimkuta mara mbili karibu na reli, na mara ya pili nusura pikipiki imgonge.

Kisha, mwanzoni mwa mwezi wa sita, Tantine Michelle alifiwa, akaenda matanga Likasi. Mama akabaki peke yake na wazee wanane. Mama Kapinga alisema atatafuta mtu wa kumsaidia, lakini siku zilipita na mtu huyo hakuonekana.

Jumatatu nilipofika, niliona kufuli, kadena kama tunavyosema, kwenye mlango wa Kambo.

"Mama, juu ya nini unamufunga Kambo?"

"Abi, niko peke yangu," Mama alisema huku akikamua taulo. "Nikianza kumuogesha Mama Myriam, Kambo anatoka. Siku gari itamugonga, bataita nani? Njo miye."

"Lakini kwa ile karatasi tuliandika kama..."

"Karatasi haiogeshe bantu! Ni saa mbili tu, kisha ninafungula. Na usiambie muntu, hata Mama Kapinga. Batanifukuza kazi. Tutakula nini?"

Nilirudi kwenye daftari langu. Saa kumi ilipofika, Kambo alianza kupiga mlango kwa fimbo. "Mufungule! Treni inakuya! Mutoto, uko pale? Fungula!" Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa sana, na sikuelewa anaogopa nini ndani ya chumba chake mwenyewe. Nilijiziba masikio kwa vidole. Jumanne ikawa hivyo hivyo, na Jumatano pia. Usiku nilipolala niliendelea kusikia ile fimbo.

Alhamisi upepo ulikuwa mkali. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, nikifanya hesabu za shule, niliposikia Kambo akiniita kupitia dirisha lake dogo.

"Mujukuu, baridi inaniua humu."

Nilikimbia kwa Mama. Alikuwa katika bafu na Mama Myriam, povu la sabuni limemfika kwenye viwiko.

"Mupelekee mbabula," aliniambia. "Chukua ile yenye makala nyekundu, yenye haina tena moshi. Lufungulo iko mu mufuko ya tabuliye yangu. Na ukitoka, ufunge tena."

Kwetu karibu kila mtu anafanya hivyo katika baridi. Unawasha mbabula, jiko letu la makaa, nje, unangoja makala yashike moto vizuri, na moshi ukiisha unaiingiza chumbani. Tunaamini hatari ni moshi, na moshi umeisha. Hata kwetu nyumbani nimewahi kulala na mbabula pembeni, Mama akiwa ameacha mlango wazi kidogo kwa sababu ya paka.

Niliibeba mbabula kwa vitambaa viwili, nikaiweka karibu na kitanda. Kambo alinyoosha mikono yake juu ya makala.

"Merci, mujukuu. Lakini uache mulango wazi kidogo."

"Mama anasema nifunge, Kambo."

"Na weye, unasema nini?"

Nilifunga dirisha ili joto lisitoke, nikatoka, nikafunga kufuli, nikarudisha ufunguo katika mfuko wa tabuliye ya Mama, aproni yake ya kazi. Nilijiona mtoto mwema kabisa. Nililifunga dirisha vizuri, nilitii, na mzee wangu alikuwa na joto.

Kabla ya saa kumi treni ilipiga honi. Nilishika masikio yangu nikingoja ile fimbo. Fimbo haikupiga. Nilingoja tena, kukawa kimya tu, nami nikafurahi. Nasema kweli hata kama inaniuma: nilifurahi. Niliwaza kwamba leo Kambo ametulia, nikaandika jibu la hesabu ya nne.

Hesabu ya tano sikuimaliza. Ule ukimya ulianza kunitisha. Kambo hakuwahi kunyamaza treni ikipita, hata siku aliyokuwa na homa. Nilikwenda mlangoni.

"Kambo?"

Nilisikia kitu kama mkoromo, kizito, halafu hakuna. Nikazunguka dirishani, nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia. Kambo alikuwa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, kichwa kimeanguka upande. Koti lake alikuwa amevaa mkono mmoja tu. Mkono wa pili wa koti ulilala chini, mtupu.

Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma.

Mama alikuja mbio, mikono ina sabuni. Ufunguo uliteleza ukaanguka, akauokota, ukateleza tena. Mlango ulipofunguka tulipigwa na joto usoni. Tulimshika Kambo kwapani, tukamburuta mpaka nje kwenye upepo. Alitapika. Alipumua, lakini hakufungua macho, na nilipomwita hakunisikia.

Ndipo Mama alipofanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliitoa mbabula chumbani, akaimwagia maji, akaisukuma nyuma ya mapipa. Kisha akalitoa kufuli mlangoni, akalitia mfukoni.

"Abi, unisikilize. Kambo anaanguka, njo vile tu. Hakuna mbabula, hakuna kadena. Unasikia?"

Sikuwa nimewahi kumwona Mama yangu akiogopa. Mama ndiye anayeua nyoka, ndiye anayegombana na wauza makala wakipunja gunia. Kumwona vile kulinitisha kuliko kumwona Kambo amelala chini. Nilitikisa kichwa kukubali.

Mama Kapinga aliingia getini muda huo huo, akitoka kwenye mkutano. Hakuuliza mengi. Alisimamisha teksi barabarani, akatuamuru tumbebe Kambo. Mama hakuweza kwenda, kwa maana wazee saba walibaki, na Mama Myriam bado alikuwa bafuni na maji yanapoa. "Abigaïl, ushike kichwa yake," Mama Kapinga alisema. Nikaingia kwenye teksi. Kupitia kioo nilimwona Mama amesimama getini, mkono umeshika mfuko wenye kufuli.

Kwenye kituo cha afya alitupokea muuguzi Désiré, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alimlaza Kambo, akampima presha, akamtoboa kidole.

"Alikuwa na homa?" aliuliza.

"Asubuhi alikuwa muzuri," Mama Kapinga alijibu.

"Sukari? Alianguka akapiga kichwa? Alikunywa dawa gani?" Mama Kapinga alitaja dawa, mengine hakuyajua. Désiré akanigeukia mimi. "Mutoto, banasema weye njo ulimuona wa kwanza. Alikuwa anafanya nini?"

Kila mtu alinitazama.

"Sijuwi," nilisema.

Désiré aliandika kitu, akasema wataanza kwa kutafuta malaria, halafu wataangalia kama ni mshipa wa kichwa uliopasuka. Akaanza kuandaa chupa ya serumu ya kutia mshipani. Alifanya kila kitu sawasawa, bila kukawia, lakini mimi nilijua anatafuta mahali pasipo na kitu. Kifua cha Kambo kilipanda polepole, kikashuka, na kila kiliposhuka niliogopa hakitapanda tena.

Nilikuwa na hofu mbili. Nikisema, Mama atafukuzwa, na labda polisi watakuja, na majirani watasema Wivine ameua mzee. Nisiposema, Kambo atakufa, nami nitakuwa nimefunga lile dirisha kwa mkono wangu. Nilitaka mtu mzima aje aniondolee hofu moja. Hakuna aliyekuja. Nilitazama koti. Bado alikuwa amelivaa mkono mmoja. Hakukaa tu akasinzia kwenye joto. Alisikia honi, akajaribu kuvaa atoke, akaishiwa nguvu katikati, na mlango ulikuwa umefungwa.

"Mbabula," nilisema.

"Nini?" Désiré aliuliza.

"Kulikuwa mbabula mu chumba. Niliiingiza miye. Na nilifunga dirisha. Na mulango..." Machozi yalinizuia. "Na mulango ilikuwa na kadena inje. Asingeweza kutoka."

Mama Kapinga aliweka mkono mdomoni. Désiré hakuniuliza swali lingine. Aliacha serumu, akakimbia chumba cha pili, akarudi akiviringisha chupa kubwa ya oksijeni. Alimfunika Kambo pua na mdomo, akafungua hewa. Ndipo akasema, bila kugeuka: "Makala nyekundu inatoa hewa yenye kuua. Haina rangi, haina harufu. Muntu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, analala, kisha haamuke. Kupima malaria hakungenionyesha ile. Ulisema kwa wakati, ma fille."

Tulikaa pale, saa nzima labda. Sikumbuki kama niliomba au nilihesabu tu pumzi. Mwishowe vidole vya Kambo vilitikisika juu ya shuka. Akafungua jicho moja, akanitazama kwa muda mrefu.

"Treni inapita?" alinong'ona chini ya ile barakoa ya hewa.

"Inapita, Kambo."

"Bantu beko wazima?"

Sikujua anasema watu gani. Nilimwambia ni wazima wote, akafumba jicho, na safari hii alilala usingizi wa kawaida.

Tulimwacha kwa Désiré, tukarudi kwa miguu. Jua lilikuwa bado halijazama. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, pale pale nilipoacha daftari langu. Kufuli lilikuwa juu ya mapaja yake, na mbabula ameitoa nyuma ya mapipa, ameiweka mbele ya miguu yake mahali pa kuonekana.

"Eko muzima?" aliuliza.

"Eko muzima," Mama Kapinga alijibu. "Juu mutoto alisema."

Mama alinitazama. Nilikunja mabega nikingoja kofi. Badala yake alinivuta akanibana kifuani, akalia kwa sauti, akisema, "Merci, Abi. Merci. Miye sikuweza." Kisha akasimama, akampa Mama Kapinga kufuli. "Ni miye nilimufunga. Mutoto hana kosa."

"Nina kosa," nilisema. "Nilifunga dirisha."

Mama Kapinga aliketi kwenye ngazi, kama mtu aliyechoka ghafla. "Na miye? Nilikuacha peke yako na bazee munane. Niliona, nikafunga macho. Kosa inaanzia kwangu, Mama Abi." Aliligeuza kufuli mkononi. "Lakini tutaandika yote mu kitabu ya nyumba, vile inatokea, bila kuficha. Na kesho asubuhi miye na weye tutaenda kuambia Syntiche, mutoto ya ndugu ya Kambo. Ni haki yake ajue."

"Utanifukuza?"

"Ungeendelea kuficha, ningekufukuza. Utafanya kazi, lakini miezi tatu miye mwenyewe nitakuangalia. Na kabla ya yote utalomba pardon kwa Kambo."

Walikwenda kwa Syntiche, na Mama alirudi macho mekundu. Huko hakupokelewa kwa maneno matamu, wala hakuyatarajia.

Kambo alirudi siku ya nne, amekonda. Mama Kapinga alikuwa ameleta mlezi mpya, Élie, kijana mwenye mikono mikubwa na mpole. Mama Kapinga alituita sote uani. Mama alipiga magoti mbele ya kiti cha Kambo, akaomba msamaha. Kambo alimshika bega.

"Wivine, unaniogesha muzuri, unanilisha muzuri. Lakini hukuniuliza hata siku moja naenda wapi."

Ndipo Mama Kapinga akavuta kiti, akaketi usawa wa macho yake. "Kambo, tunakuuliza leo. Saa kumi unaenda wapi?"

"Kazini," Kambo alisema, akishangaa kwamba hatukujua. "Kule Sakania nilikuwa muntu ya kugeuza reli. Treni ikikuya, nageuza, inapita njia yake. Nisipokuwa pale, inaingia mu ingine treni, bantu banakufa. Miaka makumi tatu sikukosa hata siku moja. Najua nimezeeka. Najua hapa haiko Sakania. Lakini nikisikia ile honi, roho inakamata moto, na mulikuwa munanifunga. Nilikuwa nawaza: leo bantu batakufa juu yangu."

Basi hicho ndicho alichokiogopa nyuma ya mlango. Siku tatu nilijiziba masikio nisimsikie mtu anayetaka kuokoa watu. Niliona haya, na Mama aliinamisha kichwa.

Ilichukua dakika chache tu kupata dawa ya jambo lililotutesa mwezi mzima. Kambo mwenyewe ndiye aliyeitaja: aketi getini kabla ya saa kumi, na mtu mmoja akae naye. Siku nyingine ni Élie, siku nyingine ni mimi. Kwa baridi alichagua blanketi la pili na chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa. Mbabula haivuki tena kizingiti cha chumba chochote, wala pale wala kwetu.

Jioni hiyo Mama Kapinga aliibandua karatasi yangu ukutani, akanipa nyingine nyeupe na kalamu. Akaliweka lile kufuli mezani, likiwa wazi.

"Abigaïl, uandike tena," alisema. "Ile ya kwanza uliandika kwa mukono tu. Kulinda muntu haiko kumufungia. Ukitaka kumulinda, umuulize kwanza, na umusikilize. Na siku unakosea, useme mbio, hata kama unaogopa. Miye pia ninajifunza ile leo, na nina miaka makumi sita."

Niliandika polepole. Nilipofika kwenye maneno "hatafungiwa mlango" mkono wangu ulisimama, kisha ukaendelea. Safari hii sikuweka mikia.

Siku iliyofuata, saa kumi kasoro dakika chache, nilikaa getini na Kambo Chishimba, ubao wa dama katikati yetu. Honi ililia. Aliinuka kwa fimbo, akavuta kitu kisichoonekana kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, akasikiliza mpaka mabehewa ya mwisho yakapita. Kisha akaketi, akafuta jasho.

"Bote banapita," alisema.

Nilipotazama ubao, vifuniko vyangu viwili havikuwepo.